Nyumba ya Pembeni Imeuzwa

Nyumba ya Pembeni,
Karibu na ukuta wa nyuma.
Jumapili mchana, 14 Desemba.

Mpendwa Dada,

Kwanza pokea salamu, tena nyingi, kabla sijakumwagia ya kwangu. Mgongo unasemaje? Uliniambia unakubana kila ukiinama kufua, nami nikajifanya daktari nikakwambia ununue godoro gumu, kumbe kitanda chenyewe umewaachia watoto na wewe unalala kwenye ukingo kama mgeni. Mama je, miguu imepungua kuvimba? Na shemeji bado anahangaika na lile lori lake linalokohoa kila kilima? Msalimie sana, mwambie shemeji yake bado ana mdomo mrefu na mfuko mfupi.

Sisi huku tupo. Wifi yako anakohoa kidogo kwa ajili ya vumbi la saruji, na magoti yangu yamekuwa ya mzee wa miaka sabini, lakini tunakula na tunalala. Afya haina neno. Ni hayo mengine, Dada, na nakuomba uyasome ukiwa umekaa.

Najua utashangaa mtu kuandika barua siku hizi wakati simu ipo. Kwenye simu siwezi. Kila nikikupigia, Bi Mkubwa wetu, mwanangu huyo, anakuwa amekaa mapajani mwako, sikio kalibandika kwenye simu, na ukimsogeza ananuna hadi kesho yake. Mambo haya yanamhusu yeye, na sitaki ayasikie kwa sauti yangu.

Umeniuliza jambo moja la haki kabisa. Shule zinafunguliwa Januari na mtoto anaanza darasa la kwanza. Ama tuje tumchukue kabla ya hapo, ama umwandikishe huko kwako. Uliuliza kwa upole, lakini nilisikia uchovu chini ya ule upole, na sikulaumu. Tulikuachia mtoto tukasema ni kwa muda mfupi tu, mpaka tupate pa kukaa. Muda mfupi wenyewe umeota ndevu.

Ngoja nikueleze vizuri, maana kwenye simu nimekuwa nikikupa vipande vipande, tena vile vizuri tu.

Viunga hivi tunavyofanyia kazi vina miti barabarani, maji hayakatiki, na watoto wanaendesha baiskeli bila mtu kuwafokea. Ndiyo maana havitutaki. Sisi vijana wenye ndoa changa tunakuja hapa asubuhi kujenga, kupaka rangi, kushona mapazia na kulea watoto wa wenyewe, jioni kila mmoja anarudi alikotoka. Mimi na wifi yako tukasema hapana, na sisi tutajaribu. Tulikwenda benki, tumevaa nguo za harusi. Yule afisa wa mikopo akatutazama, akasema turudi tukiwa na kazi inayoeleweka. Nilitaka kumuuliza ni kitu gani asichokielewa katika mtu kupanga vigae sakafuni, wifi yako akanifinya paja chini ya meza. Tukatoka tumenywea.

Hapo ndipo alipoingia Bwana Funguo. Ni dalali wa kampuni inayojenga mtaa huu, tumempa jina hilo kwa sababu hutembea na tita la funguo kiunoni, ukimsikia analia kama mbuzi mwenye njuga. Alikuwa ameipenda kazi yangu. Akaniambia kwamba nyumba mpya isiyo na watu haiuziki, mnunuzi akiingia anasikia mwangwi na harufu ya rangi, anaogopa. Basi akataka mimi na mke wangu tuwe tunakaa ndani ya nyumba ambazo hazijauzwa. Kodi hatulipi. Kazi yetu ni kuifanya nyumba ionekane inaishi watu: mapazia dirishani, chai jikoni, taulo limekunjwa vizuri, na wanunuzi wakija tuwakaribishe kama watu wenye kwao. Ikiuzwa, tunahamia inayofuata.

Sharti lilikuwa moja. Mtoto hapana. Alisema mtoto wa kweli huchora ukutani na kuacha uji kwenye kochi. Ndiyo siku tuliyokuletea Bi Mkubwa na begi lake la maua.

Sasa sikiliza kiroja, Dada. Mtoto hatakiwi, lakini chumba cha mtoto kinatakiwa. Kampuni ilileta kitanda kidogo, mwanasesere, na viatu vidogo vyekundu vya kuweka mlangoni, kwa sababu wanunuzi wengi ni wenye ndoa changa na chumba hicho ndicho kinachowalegeza. Kwa hiyo tangu siku hiyo wifi yako ameamka kila asubuhi akatandika kitanda ambacho hakuna aliyekilalia. Anakivuruga kwanza kidogo, kisha anakitandika, ili kionekane kimelaliwa. Mgeni akiuliza mtoto yuko wapi, jibu tulilopewa ni kwamba yuko shule. Nimemwona mke wangu akilisema jibu hilo huku anatabasamu, mgeni akiondoka anaingia bafuni na kufungulia bomba.

Utaniuliza tulivumilia kwa nini. Kwa sababu ya nyumba hii ya pembeni. Ndiyo ndogo kuliko zote, imebanwa kwenye ukuta wa nyuma, na Bwana Funguo alisema haina mnunuzi. Akaniahidi kwamba nikikubali kampuni ibaki na sehemu ya ujira wangu kila nyumba ninayopanga vigae, mwishoni hii itakuwa yetu kwa bei ya kujengea, na kilichobaki tutalipa polepole. Tulikubaliana kwa mdomo, amesimama na funguo zake, nimepiga magoti na ndoo ya saruji. Nikampa mkono wenye saruji na yeye akaupokea. Mtu akikupokea mkono mchafu namna ile, unamwamini.

Tuliingia humu tukijua safari hii hatuhami tena. Dada, laiti ungemwona wifi yako! Kwenye zile nyumba nyingine alikuwa anashona mapazia kwa kitambaa cha kampuni, haraka haraka, pindo moja basi. Humu alinunua kitambaa chake mwenyewe, rangi ya samawati, akashona mikunjo midogo juu, akatarizi ndege kwenye pazia la chumba kile kidogo. Vile viatu vyekundu vya kampuni akavitupia kwenye sanduku. Mimi sakafuni nilichagua kigae kimoja kimoja, nikagonga kila kimoja kusikiliza kama kina uwazi chini, nikang'oa viwili ambavyo fundi mwingine yeyote angeviacha. Tulikuwa tunafanya kazi usoni tumejaa vumbi tunaimba kama vichaa.

Sasa nakuja kwenye Jumamosi ya tarehe sita, na hapa kalamu inakuwa nzito.

Kulikuwa na nyumba moja tu iliyobaki kuuzwa, ile inayotazamana na yetu. Walikuja mume na mke kuiangalia, vijana rika letu, mke mjamzito. Bwana Funguo alikuwa amechelewa na mlango ule ulikuwa umefungwa. Wakabisha hodi kwetu kuuliza. Wifi yako akafungua mlango, akawaona wamesimama juani, na mdomo wake ukafanya kile ulichozoea kufanya.

"Karibuni, karibuni ndani, msisimame nje."

Dada, akawaingiza, akawapa maji, na kabla hajajua anafanya nini akaanza kuwatembeza. Jikoni, akawaonyesha jua la asubuhi linavyoingia mpaka kwenye sinki. Kabati, akalifungua wasikie lisivyolia. Kile chumba kidogo, akawasimamisha mlangoni kwanza, kama tulivyofundishwa, mgeni apate picha nzima kabla ya kuingia. Yule mjamzito akashika pazia, akawatazama wale ndege, macho yakamjaa maji. Akauliza mtoto wetu yuko wapi. Wifi yako akamjibu kweli tupu: "Yuko kwa shangazi yake, anakuja mwezi ujao."

Usidhani mimi nilikuwa na akili zaidi. Nilikuwa barazani nasugua sakafu, yule mume akanijia akagonga kigae kwa kisigino akauliza nani kapanga. Kichwa kikanivimba. Nikamwambia ni mimi, na agonge popote anapotaka, akipata kigae kimoja kinacholia ovyo nakula saruji. Akagonga chumba kizima, akacheka, akanishika bega. Tukawasindikiza hadi nje, tukawapungia mkono. Tukarudi ndani tukisema watu wazuri wale, watakuwa majirani wema. Tulikuwa tumeshakaa ndipo wifi yako akaninong'oneza, "Tumefanya nini?"

Nilimcheka. Nikamwambia nyumba hii ina wenyewe.

Jumatatu Bwana Funguo akaja. Nilisikia zile funguo tangu getini na safari hii zilikuwa zinakuja polepole. Alikataa kukaa. Akasema wale vijana hawakuitaka tena ile waliyojia, wameng'ang'ania hii, na wazazi wa pande zote mbili wamechanga wakalipa yote kwa mkupuo. Nikamkumbusha ahadi.

"Nilisema kama haitapata mnunuzi," akanijibu. "Imepata. Wakubwa wameona fedha mezani, wewe ulitaka nifanyeje?"

Nikamwambia nyumba hii ilikuwa haina mnunuzi mpaka sisi tulipoingia. Akaitikia kwa kichwa, tena kwa huzuni ya kweli, akasema ndivyo ilivyo. Kisha akaongeza neno ambalo sijui kama alidhani ni la kutufariji. Alisema wanunuzi wameomba mapazia yabaki, hasa yale ya chumba cha mtoto, na kwamba nimwambie mke wangu mikono yake haina mfano. Wifi yako alikuwa amesimama nyuma yangu, akayasikia mwenyewe.

Nilitaka kuwachukia wale vijana, nimeshindwa. Hata wao wasingeweza bila wazazi, na yule mjamzito ana haki ya kupenda alichokipenda. Nimejaribu kumchukia Bwana Funguo nikafika nusu tu, maana na yeye amepanga chumba cha watu, alinitajia siku moja. Chuki yote imerudi kwangu mwenyewe. Huo ujira uliozuiwa wanasema watanirudishia kidogo kidogo, na wewe unajua maana ya maneno hayo kwa mtu asiye na karatasi ya mkataba.

Nimelia, Dada. Sikufichi. Nimejifungia bafuni nikakaa chini kwenye vigae vyangu nikalia kama mtoto aliyeachwa sokoni, mpaka wifi yako akaja akakaa upande wa pili wa mlango. Sijawahi kuona mlango mgumu kuufungua kama ule.

Bwana Funguo hakutuacha mikono mitupu, hilo niliseme. Kampuni inaanza mtaa mwingine ng'ambo ya barabara kuu, nyumba nyingi kuliko hapa, na anatutaka. Masharti ni yale yale. Chumba cha mtoto kiwepo, mtoto asiwepo. Mwishoni, akasema, huenda ikabaki moja ndogo pembeni. Nakuapia alisema hivyo bila kucheka, na mimi, mdogo wako mjinga, nikafungua kinywa kukubali. Nilikuwa nimeshafika kwenye "sa—" wifi yako akanikata.

"Nenda wewe. Mimi kitanda kisicholala mtu sitandiki tena."

Tukagombana vibaya. Nilimwambia hana shukrani, yeye akaniambia mimi nina mapenzi na ukuta kuliko na mwanangu. Maneno mengine siyaandiki. Hilo neno la ukuta halikuwa kweli, lakini nilijiuliza siku nzima kwa nini limeniuma namna ile, na sikupenda jibu nililolipata.

Basi hatuendi. Tumeanza kutafuta chumba cha kupanga, na hapo ndipo nilipokata tamaa kabisa. Nimezunguka mpaka soli ya kiatu imefungua mdomo kuniomba msamaha. Kila mwenye nyumba wa huku swali lake la kwanza ni moja: mko wangapi? Ukisema watatu, anakumbuka ghafla kuwa chumba kimeshachukuliwa. Ukisema wawili, anakuuliza mtalipa lini. Huko mbali wanakokubali watoto, mimi na wifi yako tutatoka mtoto hajaamka na kurudi ameshalala, na hatuna mtu wa kumwachia. Angekuwa na sisi kwa jina tu.

Tulichopata ni chumba kimoja nyuma ya gereji. Kitanda kikiingia na cherehani ikiingia, mlango unafunguka nusu. Uani ni magari mabovu na mafuta yaliyomwagika. Mwenye gereji ametuangalia akasema, "Wawili tu, sikubali mtoto humu, ataumia," na kwa jinsi uani palivyo, sikuweza kubishana naye. Tunahamia Ijumaa. Jumamosi wale wenzetu wanaingia hapa.

Kwa hiyo, Dada, jibu la swali lako ni hili. Mwandikishe huko.

Wifi yako ameyasoma maneno hayo mawili juu ya bega langu, akasema yaache hivyo hivyo.

Mwandikishe shule iliyo karibu na wewe. Pale wanapouliza mzazi au mlezi, jiandike wewe, kwa sababu akianguka akachubuka goti wewe ndiye utakayeitwa. Usimwambie tena tunakuja shule zikifunguliwa. Nimemdanganya mimi inatosha. Mwambie baba na mama wanafanya kazi, hilo ni kweli na anaweza kulishika. Akininunia kwenye simu usimlazimishe, mwache aninunie mpaka atosheke. Nilikuwa nataka kukuandikia anachopenda na asichopenda, kwamba anaogopa maji ya kichwani na kwamba hali kitu kilichogusana na kingine kwenye sahani, kisha nikakumbuka hayo ni ya mtoto wa miaka minne. Ya sasa unayajua wewe.

Wala usifikiri nakutupia mzigo nikaondoka zangu. Ujira wangu safari hii haupiti kwenye mfuko wa mtu. Kila nitakachopata sehemu itakuja kwako, hata iwe ya sabuni. Lakini sikuahidi nyumba, Dada, na sitamwahidi tena mtu yeyote nyumba. Nimepanga sakafu za mtaa mzima huu na hakuna hata chumba kimoja ambamo mwanangu amewahi kutembea pekupeku.

Nisalimie Mama, umwambie tu tunahama, asiambiwe zaidi, atakosa usingizi. Shemeji nimeshamtaja, mwongezee shukrani, kwa sababu najua ni yeye anayembeba Bi Mkubwa mabegani akirudi safari na hajawahi kulitaja kama kazi. Mabinti zako wawili wapokee salamu za mjomba wao, na mkubwa aache kumfundisha mwenzake kupiga miluzi. Jirani yako mshona viatu naye nisalimie, nitamhitaji.

Lipo jambo moja la haraka, nimeombwa nisilisahau. Wifi yako anashona sare ya shule. Leo asubuhi alitandaza kitambaa kwenye sakafu hii, akapiga chaki mstari wa kwanza, akashika mkasi, akasimama. Madirisha ya nyumba zote za mtaa huu anazijua sentimita zake bila kuangalia popote. Akanigeukia akaniuliza, "Siku hizi anafika wapi?" Nikanyoosha mkono hewani, usawa wa kiuno changu. Yeye akanyoosha wake, juu kidogo ya wangu. Tukabaki tumesimama hivyo, mikono hewani, hakuna anayejua. Tafadhali Dada, mpime. Mabega, kifua, kiuno, na urefu kutoka begani mpaka chini ya goti. Tutumie kwa ujumbe wa simu kabla ya Ijumaa, na umwambie asimame wima, asinyanyue visigino.

Mungu akuzidishie kwa kila usiku unaomfunika.

Mdogo wako akupendaye daima,
Kitindamimba.